Barabara Iliyoishia Kigombe

Marcigny, Ufaransa
11 Mei

Dada yangu Najat,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mezani kwangu karibu na dirisha. Mvua ya asubuhi imekatika na ng'ombe weupe wa jirani wamerudi malishoni. Mimi ni mzima, presha imetulia, na lile goti nililolilalamikia wakati wa baridi limenyamaza. Natumai nawe hujambo, miguu haikusumbui sana, na shemeji Tahiri bado anawafunga wenzake bao na kuwasindikiza nyumbani kwa kejeli. Nisalimie wote hapo Chumbageni, wakubwa kwa wadogo.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Tumezoea kutumiana sauti kwenye simu, lakini sauti zangu husikilizwa na baraza zima, na mjukuu wako Rama hawezi kukufungulia simu bila kuongeza maoni yake. Haya nataka uyasome mwenyewe. Nakuja Tanga mwezi wa saba, tiketi imeshakatwa. Kabla sijafika kuna jambo unapaswa kulijua kuhusu harusi yako, na ukishalijua utaamua kama utanifungulia mlango. Ila siwezi kulifikia bila kupitia habari za baiskeli, maana hizo ndizo zilizolifukua.

Uliniuliza siku ile mzee wa miaka sitini na tisa anayepanda vilima kwa baiskeli anafukuzwa na nani. Nilisikia watu wakicheka nyuma yako. Hafukuzwi na mtu, dada. Barabara ndogo za huku zimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye nafasi. Upana wake ni wa gari moja, kando zote mbili kuna ua wa miti hai, nazo zinapanda na kushuka vilima vya majani kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye haraka. Unaweza kwenda saa nzima ukapishana na trekta moja na mtu wa posta. Kila baada ya kilomita nne au tano unakuta kijiji cha mawe ya rangi ya mahamri, na katikati yake kanisa lililojengwa miaka mia tisa iliyopita, bomba la maji na benchi. Njia yangu huanza hapa Marcigny, hupita Anzy-le-Duc penye mnara wa pande nane, hupanda hadi ngome ya kale ya Semur, hushuka Iguerande, kisha hurudi ikiufuata mto Loire. Ni kilomita thelathini na nane. Nilipotoka melini mwaka sabini na tisa nikapata kazi kwenye kiwanda cha vigae cha huku, sikujua kwamba nitazeeka nikizihesabu kilomita hizo.

Siendi peke yangu. Nina rafiki, Rafaeli, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Ananizidi miaka mitano, na macho yake yalizimika miaka kumi iliyopita. Tunapanda baiskeli ya watu wawili. Mimi nakaa mbele nashika usukani, yeye nyuma anakanyaga, na kwa kweli anakanyaga kuliko mimi. Kazi yangu nyingine ni kumweleza tunachokipita. Mwanzoni nilikuwa nikisema tu hapa ni pazuri, pale ni pazuri. Akanikataza. Akasema pazuri si habari, nimwambie kuna nini. Basi nikajifunza kutazama: mlango wa buluu uliobanduka rangi, ng'ombe saba na ndama mmoja aliyechafuka magoti, bibi anayefagia ngazi ya kanisa huku ufagio wake umebaki na nyuzi kumi.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja kulitanda ukungu, sikuona hata gurudumu la mbele vizuri. Rafaeli akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema haiwezekani pawe hakuna kitu kwa kilomita thelathini na nane, nimpe barabara yoyote ninayoikumbuka. Nikampa ya kwetu. Nikamtoa Chumbageni, nikampitisha kwenye mashamba ya mkonge, nikamwambia mistari ile ilivyonyooka mpaka macho yakachoka. Akasema yake yalishachoka, niendelee. Nikamsimamisha Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, nikamwonyesha mahali palipobanduka bakuli za kichina zilizopachikwa na mafundi wa zamani. Nikamfikisha Kigombe kwenye harufu ya samaki na ya minazi iliyonyeshewa. Na kwa kuwa safari lazima iwe na mwisho, nikampeleka hadi Mwera, kwenye nyumba ya Mama Mkubwa.

Tangu hapo, kila Alhamisi akishakaa kwenye kiti chake huuliza, leo tunakwenda Semur au Tanga? Tunakwenda kote kwa pamoja. Mlima wa Semur ukitubana pumzi, yeye husema sasa tumefika Tongoni tupumzike. Wanakijiji wanatuona wazee wawili tunacheka peke yetu, nadhani wana lao la kusema.

Sasa mwezi wa tatu tulikaa ukutani kanisani Iguerande, tunakula mkate na jibini, mto chini yetu. Rafaeli aliusikiliza muda mrefu, kisha akaniuliza kule kwetu kati ya Kigombe na Mwera kuna mto au hakuna. Nikasema upo, Mto Pangani, mkubwa. Akauliza tunauvukaje. Nikasema kwa daraja. Akatafuna mkate wake taratibu. Ana kifaa kinachomsomea maandishi, na mtu aliyefundisha ramani miaka thelathini na tano haachi tabia. Akaniambia, "Mselem, daraja la Pangani ndiyo kwanza linajengwa. Wewe ulivuka juu ya nini?"

Akasema si hilo tu. Tangu mwanzo alisikia kwamba hadi Kigombe nampa kila shimo la barabara, kila mbwa, kila mzee na jina lake, lakini tukitoka Kigombe miti yote inakuwa mnazi na vilima vinakwisha. Akasema barabara yangu inaishia Kigombe, na yeye amekuwa akisubiri miezi kumi na sita nimweleze kwa nini.

Nikamweleza, na sasa nakueleza wewe.

Unakumbuka mwaka sabini na tatu, wiki tatu kabla ya harusi yako, Mama alinituma kwa baiskeli ya Baba kwenda Mwera kumwalika Mama Mkubwa. Barua alikataa kuandika. Alisema dada yake mkubwa haalikwi kwa karatasi, anaambiwa kwa mdomo na mtoto wa nyumba. Alinifundisha maneno, nikayarudia mbele yake mara tatu. Mama Mkubwa ndiye angekuwa somo wako, akufunde na kukutoa ndani siku yenyewe.

Dada, sikufika. Kigombe nilimkuta rafiki yangu Uweso, na timu yao ilikuwa inacheza na watu wa Tongoni, mlinda mlango wao ameumwa na nge. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikasema nidake kipindi kimoja. Tukatoka sare, wakakubaliana kurudiana kesho yake, nikalala kwa Uweso. Mechi ya pili tulishinda, nikabebwa mabegani. Jioni nikatambua siku mbili nilizopewa na Mama zimekwisha. Nikarudi nyumbani na kumwambia Mama kwamba nimevuka mto kwa pantoni, nimefika, na Mama Mkubwa amesema ana homa na hadhani kama ataweza. Niliona ni uongo mdogo. Nilijiambia kesho nitarudi njiani, nifike Mwera nimwalike. Kesho hiyo haikufika.

Ukatolewa na mwanamke wa kuazima. Mama Mkubwa akazisikia habari za harusi kwa watu wa pantoni, akatuma salamu moja tu: mwambieni nimesikia. Mama akaichukua kama dharau, na kule Mwera dada yake akakaa akidhani amesahauliwa. Hawakukanyagiana mlango tena hadi walipofariki. Na wewe, kila ukizungumzia harusi yako, husema mama yako mkubwa alikunyima mkono wake. Mara ya mwisho ulisema mwezi wa Ramadhani, nikiwa nakusikiliza, nikabadilisha mazungumzo. Hakukunyima. Mimi ndiye niliyekunyima, kwa mechi mbili za mpira.

Nilipomaliza, nilidhani Rafaeli ataniambia yamepita, wenyewe wamekufa. Watu wa huku hupenda kusema hivyo. Aliniuliza kama maneno ya Mama bado nayakumbuka. Nikasema neno kwa neno. Akafuta makombo magotini, akasema, "Basi ujumbe bado unao. Tuupeleke."

Ndiyo maana tunakuja wawili. Baiskeli tutaileta ikiwa imefunguliwa vipande, na mafundi wa Tanga ninawaamini kuifunga. Tutalala Kigombe na tutaondoka Kigombe. Pangani tutavuka kwa chochote kitakachokuwepo, tuende hadi Mwera kwa Chiku, binti yake Mama Mkubwa, ambaye anaishi kwenye nyumba ileile. Rafaeli ameshaniwekea sharti: baada ya Kigombe anataka kila mti na jina lake.

Nakuomba radhi, dada. Sina cha kujitetea. Una haki ya kukasirika na kukaa na hasira yako muda utakaotaka. Lakini nakuomba hili moja: usimpigie Chiku simu, na kama moyo utakuruhusu, panda bajaji uje nasi. Habari ilikuwa yako, na ukiwepo ataiamini. Nitamwambia yeye kwanza, kisha nitasimama kwenye kaburi la mama yake na kusema kama nilivyofundishwa: "Dada, shikamoo. Najat anaolewa Ijumaa ya kwanza mwezi ukiandama. Sijamwita mwingine. Mtoto ni wako, njoo umtoe."

Nakutakia afya na usingizi mwema, wewe na wote wa nyumbani. Mungu atukutanishe salama.

Mdogo wako aliyechelewa,
Mselem