Bei Ilipopanda

Tibirinzi, Chake Chake
Oktoba 1959

Kaka yangu Soud,

Assalaam alaykum. Mama hajambo, ila macho bado yanamsumbua. Mwanangu Kazija ameanza chuo cha Kurani, na nyumba nzima inamsikia akisoma.

Umeniandikia tufurahi, kwa kuwa redio imesema bei ya karafuu imepanda huko Singapoo. Kweli ilipanda. Bwana Thuwein, mwenye shamba, alikuja mwenyewe akawaambia wachumaji, "Safari hii msiache hata kishada kileleni." Ujira wa kila pishi inayochumwa ukabaki ule ule. Mume wangu Shaame akapanda hadi kwenye matawi membamba ambayo siku zote huachwa, na moja likamvunjikia.

Yu hai, alhamdulillahi, lakini miguu haina hisia.

Juzi Bwana Thuwein alikuja kumtazama. Akasema, "Shaame, bei imeanguka tena."

Mume wangu akamjibu, "Nilitangulia mimi, Bwana."

Nilitoka ukumbini nisije nikacheka mbele ya mgeni. Nilipofika uani, nikalia.

Kesho naingia shambani kuchuma matawi ya chini. Ukipata mtu wa kuja huku, mpe mafuta ya kumkandia mgonjwa.

Nduguyo akuombeaye heri,
Mwatima