Siku Tatu Ambazo Sikuwa na Mama

Karagita,
Naivasha.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Kahiga,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumai u mzima na joto la Doha limepungua kidogo. Ule mguu uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu tangu Julai hushiki simu zangu, na Abby wa jirani anakuja huko Jumanne kuanza kazi. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Najua Mjomba Kihara alikuambia kwamba nilimpa Mama bangi. Ni kweli. Nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujairarua barua hii.

Nilipomtoa Mama kule nyumbani Ndabibi nikakaa naye hapa chumbani kwangu, saratani ya koo ilikuwa imemmaliza. Kufikia Aprili hata uji mwepesi ulikuwa unarudi. Tulikokuwa tukichukua dawa ya maumivu tuliambiwa imeisha, turudi baada ya wiki mbili. Mama akawa anauma shuka ili majirani wasimsikie.

Ndipo nikakutana na Cherop, nesi mstaafu aliyemzika mumewe kwa ugonjwa huohuo. Alinipa kichupa cha mafuta ya bangi, matone mawili chini ya ulimi. Niliogopa sana, mimi ni mtu wa kwaya, unanijua. Hayakumponya, kaka, na kuna siku hayakusaidia chochote. Lakini asubuhi ya kwanza aliniambia, "Wangu, leo nimelala," kisha akaitisha uji.

Cherop na wenzake walikuwa wakikusanya sahihi za kupeleka Bungeni, ili daktari aruhusiwe kumwandikia mgonjwa dawa hiyo bila watu kujificha. Nikajiunga nao. Jioni nikitoka kazini kupanga maua nasimama kwenye geti la shamba la maua na karatasi zangu. Vijana walinicheka. "Mathe, uko na ya kuonja?" Lakini mama mmoja alisoma yote, akatia sahihi, akaniambia mtoto wake ana kifafa, akaenda zake.

Kosa langu lilikuwa kwenye baraza la chifu. Cherop alinionya nizungumzie sheria tu, nisimtaje Mama. Lakini mzee mmoja akasimama akasema sisi ni wauzaji tunaojificha nyuma ya wagonjwa. Hasira ikanishika. Nikasema mbele ya watu wote, "Mama yangu anaitumia, na ndiyo inamfanya ameze chakula."

Kesho yake polisi walikuja. Kichupa kilikuwa hapo kando ya kitanda, hata sikuwa nimekificha. Wakakichukua, wakanikamata.

Uliambiwa Mama alifia mikononi mwangu. Hapo ndipo tulipokudanganya, na ni mimi niliyeomba usiambiwe. Nilikuwa selo ya polisi siku tatu. Mama alifariki siku ya pili. Cherop alikuwa naye, lakini hakuwa na kitu cha kumpa. Anasema Mama aliniita mpaka sauti ikaisha. Mimi niliambiwa na askari wa kike aliyefungua mlango kidogo tu. "Mama yako ameenda. Pole." Akaniletea chai. Sikuweza kuinywa.

Kwaya wamenitoa. Kesi yangu itatajwa Novemba. Kikundi kilikuwa na watu ishirini, sasa tumebaki sita, na tangu tupeleke zile sahihi za kwanza Agosti hatujasikia neno. Bado nasimama getini. Si kwamba nina matumaini mengi. Ni kwamba nikiketi nyumbani naisikia ile sauti ambayo sikuwepo kuisikia.

Sijui, kaka, kama ningenyamaza pale barazani Mama angekufa kwa utulivu. Kila siku najiuliza. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa hilo, si kwa yale matone. Sikuombi uniunge mkono. Nataka uniambie mwenyewe unavyoniona, kwa kinywa chako, hata kama ni maneno makali.

Mkeo anakusalimu, na Shantel wako ameng'oka meno mawili ya mbele. Anacheka akiziba mdomo. Mfikishie salamu Mwaura wa shangazi. Mungu aliyempokea Mama akutunze huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima tuende pamoja kaburini kwake, kwa maana mimi peke yangu bado sijaweza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,

Wangu