Ndoo ya Maji Nyuma ya Koray

KITUO CHA POLISI GEREDE, MKOA WA BOLU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nurettin Saraç
Umri: Miaka 67
Kazi: Fundi wa kushona ngozi
Makazi: Mtaa wa Tabakhane, juu ya duka lake
Hali ya ndoa: Mgane
Tarehe na saa: 8 Machi 2018, saa nne asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu, na nimeonywa kusema kweli. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe. Ndoo hii niliyoishika ni yangu, nimeileta kwa sababu nadhani itahitajika. Nimekuja kusema kwamba Ercan Ünsal, dereva wa gari la mikate, ambaye mmemweka ndani tangu juzi kwa kumgonga Koray Bozdemir, hana kosa. Afande ameniambia nianze mwanzo. Mwanzo wenyewe uko mbali kidogo, atanivumilia.

Koray ni mwendesha pikipiki wa mashindano. Hapa Gerede hakuna asiyemjua, ingawa wanaomtembelea ni wachache. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi na alifariki Koray akiwa mtoto mdogo. Mama yake naye alifariki Koray akiwa na miaka kumi na minne. Mimi na marehemu mke wangu Melahat hatukujaliwa kupata mtoto. Hakuna aliyekaa kupanga jambo lolote. Koray alianza kuja kwetu kula supu ya dengu, akaendelea kuja.

Alipotimiza miaka kumi na sita aliingia dukani akaniambia, "Ami Nuri, nishonee suti ya mbio." Nikamjibu mimi nashona makoti na mikanda. Akasema, "Basi shona koti, halafu ulishushe mpaka miguuni." Nikacheka, nikaishona. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe ya hapa hapa, nene na nzito. Alianguka nayo kwenye mbio zake za kwanza kule Körfez, akaburuzika mbali, akainuka mzima. Aliponiletea niliona kiwiko kimeliwa mpaka kwenye bitana, nikamshukuru Mungu kwamba pale nilikuwa nimeweka ngozi mbili.

Akawa bingwa wa nchi mara mbili. Kisha timu ya Wajerumani ikamchukua, baadaye ya Waitaliano. Huko wana mafundi wao, suti zao ni nyepesi kama shati, na mimi sikuhitajika tena. Lakini kila akirudi nyumbani wakati wa baridi alikuwa na mfuko, na ndani yake suti zote zilizochanika mwaka ule. "Nitilie viraka, Ami." Nilijua hatazivaa tena, naye alijua kwamba najua. Nikatia viraka. Zote zimening'inia dukani hadi leo. Suti ya mbio hushonwa ikiwa imekunja magoti, kwa hiyo ukiingia ghafla utadhani kuna watu wamekaa wanasubiri zamu yao. Tangu Melahat afariki mimi huzisalimu asubuhi. Naomba na hilo liandikwe.

Katika miaka yote ya Ulaya alishinda mara moja tu, Uholanzi, siku ya mvua. Mgahawa wa chai wa mtaani kwetu ulijaa, watu wakakumbatiana, kisha wakabadilisha stesheni watazame mpira. Alipozidi kuanguka wakampa jina la Bingwa wa Chini. Akipita wanamuuliza, "Bingwa, lami ya Hispania ina ladha gani?" Naye huwajibu, "Ina chumvi kidogo. Nyie mnaolamba visahani vya chai toka asubuhi mtaijulia wapi?" Wanacheka wote. Akifika kwangu hacheki.

Kila mwaka alitualika twende tukamwone. Aliniambia siku moja, "Ami, wenzangu wanakuja na mama zao, na shangazi zao wamebeba masufuria. Mimi nikivua helmeti natazama huku na huku, sina wa kumtafuta." Hatukwenda. Melahat aliogopa. Hakutazama mbio hata moja maishani mwake. Zikianza kwenye televisheni alikuwa anatoka uani kukung'uta mazulia, na ndiyo maana mazulia yetu yalikuwa safi kuliko ya mtaa mzima. Mimi nilisingizia duka.

Kazi ya Melahat ilikuwa kumwaga maji. Koray akiondoka kwenda kuanza msimu, Melahat alimwaga maji nyuma yake kwa jagi la shaba, kama tunavyomfanyia kila msafiri wetu, ili njia yake iwe nyepesi na arudi salama. Mimi wakati huo macho yangu yalikuwa kwenye pikipiki mpaka ipinde kona. Sikuwahi kugeuka nikaona mwenzangu anayamwaga wapi.

Melahat alifariki tarehe 11 Novemba mwaka jana. Koray alisafiri kutoka Italia akafika kaburi limeshafukiwa. Baridi yote hii alikuwa anakuja kwangu jioni, tunakunywa chai. Siku nyingine chai iliisha hatujasema kitu. Akishaondoka nilikuwa naliacha birika jikoni lichemke tu, nipate kusikia sauti ndani ya nyumba.

Mnamo tarehe 6 Machi, kiasi cha saa mbili asubuhi, Koray alikuja kuniaga. Ana miaka thelathini na tatu sasa. Timu ilimpa mkataba wa mwaka huu tu na mwenyewe aliniambia huu ni msimu wake wa mwisho. Alikuwa anakwenda Istanbul kupanda ndege, na kama kawaida yake alikuwa juu ya pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake. Jua lilikuwa limetoka na barabara kuu ilikuwa kavu, lakini baridi ilikuwa kali. Tulikula mkate, jibini na zeituni. Akaniambia:

"Ami, vaa koti twende wote."

"Duka nani atafungua?"

"Duka? Mwezi mzima umepata mteja mmoja, tena alikuja kuuliza njia."

"Alinunua mkanda."

"Alikuonea aibu, Ami."

Nilicheka. Nikamwambia mwakani. Akanitazama, akasema, "Mwakani sina mbio." Nilijifanya sikusikia, nikamfungia zipu ya koti mpaka kidevuni kama alivyokuwa akifanya marehemu Melahat.

Alipowasha pikipiki ndipo nikakumbuka maji. Nikarudi ndani. Jagi la shaba sikuweza kuligusa, liko pale pale alipoliweka Melahat kwa mkono wake. Nikachukua ndoo hii, nikaijaza kwenye bomba, nikatoka. Koray alikuwa ameshaanza kuteremka. Nikamwaga ndoo nzima katikati ya njia, juu ya mawe. Nilitaka yawe mengi, kwa ajili yangu na kwa ajili ya Melahat. Yakatiririka kumfuata mpaka karibu na kona. Aliniona kwenye kioo chake, akanyoosha mkono juu. Nikasimama na ndoo tupu mpaka sauti ya pikipiki ikapotea.

Njia mbele ya duka langu iko kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Jua halifiki pale mpaka adhuhuri. Nimeishi pale miaka arobaini na hilo nalijua vizuri kabisa, lakini siku ile halikunijia kichwani.

Haikupita nusu saa. Nilikuwa naosha bilauri nikasikia pikipiki ile inarudi. Siwezi kuikosea, ina kikohozi chake. Nikadhani amesahau kitu. Nikafungua mlango, nikamwona anapanda mteremko taratibu, kioo cha helmeti amekiinua. Kwa juu gari la mikate lilikuwa linashuka, Ercan anaendesha polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la nyuma la pikipiki likakimbilia upande, Koray akaanguka ubavu. Ercan alipiga honi na kukanyaga breki. Niliyaona magurudumu yake yamesimama kabisa, hayazunguki, lakini gari linaendelea kuja. Gurudumu la mbele likapanda mguu wa Koray.

Nikatoka mbio. Koray akiwa chini pale alinipigia kelele, "Ami, usije! Utaanguka!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Sijui kwa nini linaniuma kuliko yote.

Watu wakatoka kwenye mgahawa wa chai. Wakamvuta Ercan nje ya gari, wakampiga makofi. Mmoja alilia kabisa, anasema, "Umetuvunjia bingwa wetu!" Ni wale wale wa Bingwa wa Chini. Ercan alikuwa anarudia, "Jamani liliteleza, jamani liliteleza," na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilisimama kimya.

Halafu nikafanya jambo la pili. Nilichota majivu kwenye jiko la kuni nikayatawanya kwenye barafu yote, yale maji yangu yaliyoganda, kama tunavyofanya kila baridi. Nilijiambia ni kwa ajili ya wabeba machela wasianguke. Nusu yake ni kweli. Polisi walipofika walikuta majivu na matope, barafu haionekani. Afande mmoja kijana akaniuliza, "Mzee, uliona nini?" Nikamjibu nilikuwa ndani. Huo ulikuwa uongo.

Jana asubuhi nilisimama mlangoni pangu. Chini ya mti wetu wa tufaha, pembeni mwa njia, bado kuna theluji. Nikakumbuka kwamba kila mwaka, siku Koray akiondoka, palikuwa na kishimo kwenye theluji ile. Miaka yote nilidhani ni cha paka. Melahat alikuwa anayamwaga pale, penye mizizi, mahali ambapo hakanyagi mtu.

Jana hiyo hiyo alikuja dukani Bi Hacer, mama yake Ercan. Alikaa kwenye kiti cha wateja, suti zote zile ziko nyuma yake. Hakulia. Aliniuliza, "Fundi, Ercan wangu alikuwa anakwenda mbio?" Nikamwambia, "Nilikuwa ndani, Bi Hacer." Akasema, "Haya." Alipoinuka kuondoka nikaona ameniachia mkate mezani, wa moto bado, ameufunga kwa kitambaa. Alisema toka mlangoni, "Najua sasa huna wa kukununulia." Sikuweza kuula mkate ule. Leo nimempita hapo nje, amekaa kwenye benchi lenu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Jana alasiri nilikwenda hospitali ya Bolu. Mguu wa Koray umevunjika mahali pawili na goti limeharibika. Daktari anasema atatembea, lakini mbio zimekwisha. Koray alipokea habari hiyo kwa utulivu kuliko mimi. Nilimuuliza, "Ulirudi kuchukua nini?" Akageukia dirishani akasema amesahau. Nilitaka kumwambia habari ya maji pale pale. Nesi akaingia na chakula, nikapata kisingizio.

Afande ameniuliza kama nimelazimishwa na familia ya Ercan. Hapana. Ameniuliza kwa nini sikusema juzi. Najibu hivi: Koray ndiye mtu pekee anayebisha mlango wangu. Akijua kwamba mimi ndiye niliyemvunja mguu na kumkatia kazi yake, hatabisha tena, na nitabaki na zile suti. Niliogopa hilo. Bado naliogopa ninavyozungumza hapa. Lakini kijana wa watu hawezi kukaa ndani ili mimi nipate mtu wa kunywa naye chai.

Naomba Ercan aachiwe leo, mama yake asiendelee kukaa kwenye baridi. Kuhusu mimi, andikeni inavyotakiwa. Naomba pia, kama inawezekana, Koray nimwambie mwenyewe kabla hajayasoma haya kwenu.

Nimesomewa maneno yangu yote, ndivyo nilivyosema, na sina la kupunguza.

(Sahihi) Nurettin Saraç

MAONI YA OFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Mkaguzi Msaidizi Levent Aksoy, na shahidi ameyasikia na kutia sahihi mbele yangu.

Wakati shahidi akiendelea kuzungumza, nimepokea kwa simu maelezo ya majeruhi, yaliyochukuliwa na mwenzangu hospitalini Bolu asubuhi hii. Majeruhi anasema dereva hana kosa. Anasema alimwona mzee kwenye kioo amesimama na ndoo peke yake, alifika kituo cha mafuta akashindwa kuendelea na safari, akageuza kuja kumwambia avae koti waende wote. Anasema maji aliyaona yakimwagwa na alijua yatakuwa yameganda, ila alipokaribia alikuwa anatazama mlango kama utafunguliwa. Ameomba barafu isitajwe mbele ya mzee.

Ercan Ünsal ameachiwa na ameondoka na mama yake.

Sehemu ya majeruhi nimemsomea shahidi mara mbili, kwa ombi lake. Kisha akauliza basi la kwenda Bolu linaondoka saa ngapi. Ndoo ameisahau kituoni.

(Sahihi) L. Aksoy