Dakika Tatu za Yusufu

Mama,

Yusufu amerudi kutoka Uswisi. Nakwambia mimi, maana ulimlea kama wa tumbo lako tangu ndugu yako alipofariki.

Unakumbuka alivyokuja kutuarifu kwamba amechaguliwa kwenda kutusemea kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa? Ulimkaangia mahamri, sisi tukabaki na harufu. Ukamwambia, "Huko watazungumza haki za jamii ndogo. Wewe sema yetu moja tu: watoto wetu wakiomba kitambulisho, wanaitwa mbele ya wazee kuulizwa babu amezikwa shamba gani."

Mkisii babu yake yuko pale pale kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Sisi Waislamu wa mjini tunazikwa pamoja makaburini, basi tunaonekana wapita njia. Wewe ulikuwa ukiwajibu, "Kwani waliolala pale walikuja jana?" Kitambulisho hawakukupa. Hata laini yako ya simu ilikuwa kwa jina langu.

"Nitasema, Shangazi," Yusufu akajibu, mdomo umejaa.

Ukafariki kabla hajasafiri. Akakuzika, akaenda.

Walimpa dakika tatu. Mimi kwa dakika tatu nauza makoti mawili hapa sokoni Daraja Mbili, na mteja anaondoka akicheka. Nilimtazama kwenye simu, Moraa wa ndizi akichungulia begani kwangu. Mama, alisema kwetu mambo hayo yamekwisha. Kwamba shangazi yake alikufa kitambulisho kikiwa mkononi. Wakampigia makofi!

Moraa akaniuliza, "Si huyo shangazi ndiye omong'ina wako, mama yako? Alipata lini?"

Mkono huo niliushika mimi mpaka ukapoa. Haukuwa na kitu.

Nikampigia Yusufu. "Dada, elewa, mambo ya kimataifa yana lugha yake." Kumbe ameshapewa ofisi serikalini, na kiti cha kuzunguka. Mimi ni mtu wa biashara, Mama, lakini bei hiyo... akuuze wewe mzima kwa kiti?

Juzi Zena wangu, mjukuu wako, aliitwa mbele ya wazee. Chuo hakimsajili bila kitambulisho. Mzee mmoja akamwambia, "Mjomba wako amesema hakuna shida tena. Wewe unalia nini?" Kisha akamuuliza lile lile, la kaburi. Akarudi mikono mitupu.

Jumamosi Yusufu anakuja ukumbini kutueleza safari yake. Moraa ni Msabato, lakini amesema akitoka tu kanisani anakuja kukaa karibu nami. Sitaomba dakika tatu. Nitamuuliza mbele ya watu swali la wazee: shangazi yako amezikwa wapi?

Anapajua. Ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea.

Pumzika, Mama. Kitambulisho cha Zena nitakifuata hadi wachoke kuniona mlangoni. Kikitoka, nitakuja nacho pale ulipolala, wote mlio pale mkione.

Binti yako,
Rehema