Sauti ya Mama na ya Muli

Jumanne, 9 Septemba 2025

Jumapili baada ya Misa tunazindua programu yetu ya kufundisha Kikamba kwa simu. Akina mama wa kijijini Kathiani ndio wamerekodi karibu masomo yote, Mama yangu akiwa mbele — hata akichambua maharagwe anarekodi. Sauti za kiume zilikuwa chache, nikambembeleza Muli, mume wangu. Alisoma sentensi zake jikoni, akacheka, akaenda kazini. Watoto wa mjini Syokimau wataongea na nyanya zao. Mungu saidia tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa! Nthambi, msimamizi wa kundi la Kathiani, amepiga simu asubuhi. Jana walijaribu somo la nyumbani kwa spika ya kanisa. Mwanamume: njoo tulale. Mwanamke: nakuja, zima taa. Muli. Na Mama. Mtu na mama mkwe wake!

Kosa ni langu. Niliagiza programu yenyewe ichanganye sauti, ya kiume ijibiwe na ya kike, basi. Ukwe sikuufikiria. Mimi, Mkamba mzima, tena niliyeolewa! Kwa mila yetu, tangu harusi hawa wawili hawajakaa chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Sasa kanisa zima limewasikia wakiitana kitandani.

Wengine walicheka, Nthambi anasema. Mama aliinuka akaenda bila kuaga mtu.

Nimeshawatenganisha kwenye programu. Kazi ndogo. Lakini kilichosikika kimesikika.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama hashiki simu. Nthambi naye: "Mama yako akiondoa sauti yake, sisi wote tunaondoa zetu. Hatuwezi baki huko na yeye ameaibika." Bila wao sina programu, nina picha na vitufe tu.

Muli hanilaumu. Afadhali angenilaumu! Anazunguka nyumba, redio hataki. Naogopa, na si Jumapili peke yake ninayoiogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika haraka, chai ikichemka. Mama amekuja! Hajawahi kuja Muli akiwa nyumbani. Alikohoa kwa nguvu langoni, kile kikohozi cha kusudi, na Muli akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Viatu vyake vikabaki mlango wa mbele.

Mama amekataa kuingia. Amekaa nje kwenye stuli, mgongo kwa nyumba. Anataka nifute sauti yake akiona kwa macho. Ya mkwe niiache, asiaibishwe zaidi. Nikazunguka nyuma. Muli naye amechuchumaa kando ya tangi: "Futa yangu. Ya Mama usiguse." Nimeenda huku, nimerudi kule, nikibeba maneno yao. Jasho linanitoka. Hakuna anayekubali.

Nikamletea Mama simu. Hakuishika. Alikuwa amegeuza shingo, anaangalia vile viatu mlangoni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama huyo mtu huko nyuma yuko miguu mitupu.

Nikasema ndiyo.

"Mpelekee viatu kwanza," akasema. "Hiyo ya simu tutaongea."