Yaya, Walikuuliza Jina

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Wanasema hasira hupoa na miaka. Uongo. Yangu haijapoa.

Napenda kukukumbuka tukifua pamoja pale Shituru, weye na lile tumbo kubwa, ukicheka kwamba mtoto atatoka amevaa kofia ya kiwanda kama baba yake. Ulikuwa unanituma ndizi, halafu unanifokea nikizila njiani.

Lakini siku ile nayo naikumbuka. Uchungu ulianza alfajiri. Mchana ulipofika bila mtoto, mama mkwe wako na mashangazi wakafunga mlango. Si unajua kwetu: uchungu ukichelewa, eti mke ametoka nje ya ndoa, na mtoto hatoki mpaka mwanaume huyo atajwe. Wakakuuliza jina. Wakakuuliza tena, mpaka jua likazama. Nilisikia sauti yako ukutani: "Hakuna muntu, mama. Ni bwana yangu tu." Walipokubali kukupeleka hospitali, damu ilikuwa imekuishia. Nami nilikaa nje kimya, kwa kuwa mdogo haingilii mambo ya wakubwa. Nisamehe, Yaya.

Leo mimi ni relais wa afya, mhudumu wa mtaa. Napita nyumba kwa nyumba, naandika wajawazito, nawasukuma waende kupimisha mimba. Jumanne nilimkuta mke mmoja kijana, midomo imekauka, uchungu tangu asubuhi, na mama mkwe wake anamuuliza swali lile lile. Nikamwomba aache. Akanijibu kwamba mambo ya nyumba yake hayanihusu, na mchungaji yuko njiani kuja kumuungamisha. Moyo ukaniwaka.

"Munatafuta jina? Muandike yangu," nikasema, mimi mwanamke kama wao. "Minye ndiye nilimuharibu. Sasa mumutoe, mutanihukumu kisha."

Kabla hawajafunga midomo, mume wa yule kijana alikuwa ameshawasha pikipiki, na mimi nimekaa nyuma nimemshika mkewe. Alipasuliwa saa tisa. Nesi alinieleza kwamba mtoto alikuwa amelala kiubavu. Hata mama yake angetaja wanaume wa Likasi nzima, asingetoka. Wote wawili ni wazima. Msichana, na ana sauti.

Sasa nimeitwa Jumapili mbele ya kamati ya mtaa. Nimwombe mama mkwe wa yule kijana msamaha, la sivyo wananivua kazi. Nitaenda, tena nimejifunga kikwembe kipya. Nitampigia magoti kumsalimu, maana ni mkubwa wangu. Msamaha sina. Wakinivua, wanivue, miguu ya kupita nyumba kwa nyumba hawakunipa wao.

Nikishamsalimu nitasimama, nitataja jina lako, na nitasema kilichokuua. Mkubwa wa kamati ni mama mkwe wako, Yaya. Nitamwangalia machoni mpaka nimalize.

Weye pumzika. Minye bado.

Mdogo wako wa tumbo moja