Ng'ombe wa Udongo wa Makole

Makole, Dodoma
Mwezi wa Safar 1332, ambao Wazungu wanauita Januari 1914

Kwa ndugu yangu mpenzi Kuluthumu binti Shabani, Pangani.

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi ni mzima, ila kiuno hunikumbusha umri kila ninapoinuka kitini. Goti lako je? Na yule mjukuu wako aliyekuwa akikataa uji, ameshakubali kula? Halua uliyoniletea kwa gari moshi imefika salama. Nimeila kidogo kidogo, na iliyobaki nimeificha, maana majirani zangu wa Kigogo wameionja na wakaniambia kwamba sasa wamejua kwa nini watu wa pwani hawana meno.

Umeandika kwamba chumba cha marehemu mama kimeezekwa makuti mapya, kitanda kimesukwa upya, na kwamba unachongoja ni kuambiwa tu nitafika lini. Nitakujibu. Lakini jibu lina mwanzo wake, nawe unanijua tangu utotoni kwamba siwezi kusema mwisho wa jambo kabla ya mwanzo.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba serikali inataka watoto wa shule wafundishwe kuchora na kazi za mikono pamoja na kusoma na hesabu. Bwana shauri, yule Mdachi wa boma, alipokuja kututazama wakati wa kiangazi, alisema kwamba mwaka unaofuata kutakuwa na maonyesho makubwa Dar es Salaam. Kazi za watoto wa Makole zikipendeza zitapelekwa huko, nami nitasafiri nazo, na baada ya hapo nitahamishiwa shule ya pwani. Uhamisho huo nimeuomba mwaka baada ya mwaka tangu nilipoacha ukarani wa misafara nikawa mwalimu. Ndipo nilipokuandikia kwa furaha ile, nawe ukaenda kutafuta makuti.

Somo lenyewe lilianza vibaya. Nilichora mnazi ubaoni, nikawaambia watoto waunakili kwenye vibao vyao. Hakuna aliyewahi kuuona mnazi. Yotham, mtoto mwenye maneno mengi kuliko wote, aliuliza mti gani huu usio na kivuli, na ng'ombe wakiwa chini yake wakati wa jua kali watajificha wapi. Siku nyingine nikawaambia wachore nyumba. Nyumba za hapa zinaitwa tembe, paa lake ni la udongo, bapa kama sinia, na vyumba vinazunguka zizi katikati. Mimi nilitarajia ukuta na mlango. Wao wote walichora kama ndege aliye juu anavyotazama: paa pande zote, na ng'ombe katikati. Niliinua chaki nisahihishe, kisha nikakumbuka kwamba watoto hawa huchunga vilimani, na nyumba zao huziona kutoka juu kila siku. Nikairudisha chaki mahali pake.

Tangu siku hiyo niliwaacha wachore wanavyojua, na walichokijua ni ng'ombe. Chaki ikawachosha upesi, wakaomba udongo. Tukauchimba mbugani, ule mweusi unaonata, wakafinyanga. Dada, laiti ungeona! Nundu, pembe, ngozi ya shingo inayoning'inia, na mabaka yote kwa majivu, masizi na ngeu nyekundu. Hakuna aliyefinyanga ng'ombe tu. Kila mmoja alikuwa ng'ombe fulani wa nyumba fulani, na jina lake analo. Raheli, binti mwenye kimya kingi, alimfinyanga ng'ombe wao mwenye pembe moja iliyopinda. Yotham akamcheka kwamba pembe hiyo inapinda upande wa pili. Wakatoka wote wawili kwenda malishoni kumtazama ng'ombe mwenyewe, na Yotham akarudi kimya.

Nilijua udongo mbichi hautafika Dar es Salaam ukiwa mzima. Nikaenda mjini kwa Stara, mke wa Rajabu muuza chumvi, ambaye hufinyanga vyungu, nikamwomba anichomee ng'ombe hao. Akacheka mpaka akashika mbavu. Aliniambia: "Kaka Zaidi, watu huchinja ng'ombe ndipo wakapika, wewe wawapika wazima!" Lakini alikubali, tukapanga kuni na samadi kavu, tukawasha. Watoto walisimama pembeni. Raheli peke yake aliniuliza kama ng'ombe watatoka tena. Nikamjibu kwamba watatoka wakiwa na nguvu zaidi. Nilidhani anaogopa watapasuka. Kweli walitoka wagumu, ukiwagonga kwa kucha wanalia kama bakuli la kaure. Nikawafunga kwa nyasi ndani ya makasha, nikangoja bwana shauri aje kuyachukua.

Sasa fahamu kwamba mvua ya huku ni moja tu kwa mwaka, na mwaka huu ilichelewa. Watu walikwisha kupanda uwele na mtama katika vumbi, wakawa wanatazama mawingu yakipita. Watoto wakaanza kupungua shuleni. Nilifikiri ni njaa, mpaka mzee Ndahani, babu yake Raheli, alipokuja kuniona. Huyu mzee ni mtani wangu. Tangu nifike Makole hunisalimu kwa kuuliza hali ya ng'ombe wangu, akijua sina hata mmoja, kisha hushangaa kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba mtu asiye na hata mkia wa ng'ombe anawafundisha watoto wa Wagogo kufinyanga ng'ombe.

Siku hiyo hakuuliza. Alikaa, akanusa ugoro wake, akanieleza taratibu kwamba watoto wa hapa hucheza na ng'ombe wa udongo kiangazi chote, lakini hawawaingizi ndani ya nyumba. Huwaacha nje, mvua ya kwanza ikija iwanywe, warudi ardhini. Ndivyo walivyofanya wazee wao. Mimi nimewatia motoni, na sasa mvua haina cha kunywa. Alisema kwamba yeye binafsi hajui kama ndivyo mambo yalivyo, ila majirani wanasema hivyo, na mtoto wa mwisho kubaki shuleni atakuwa wa kwake. Baada ya huyo hatakuwapo mwingine.

Nikamweleza niliyoyasoma juu ya pepo na mawingu na bahari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hata yeye anajua mvua hutoka mashariki. Neno lake lilikuwa juu ya itakachokikuta ikifika.

Nilimwambia watoto watafinyanga wengine wabichi, waachwe nje, na hawa waliochomwa waende Dar es Salaam. Akatikisa kichwa. Majina yamekwisha kutolewa, alisema. Ng'ombe mmoja hawezi kuwa katika mazizi mawili.

Asubuhi iliyofuata Raheli alikuja peke yake. Hakukaa. Aliomba nifungue kasha amwone ng'ombe wake, na alipomwona amelala kichwa chini, akamgeuza, akamsimamisha vizuri juu ya nyasi. Kisha akaniuliza huko anakokwenda ni nani atakayemjua jina. Nilitazama viti vitupu, nikatazama makasha, nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: kazi ile haikuwa na haja ya kusafiri. Mwenye haja ya kusafiri nilikuwa mimi.

Nikarudi kwa Stara nikamuuliza kama chombo kilichochomwa chaweza kuwa udongo tena. Akasema hakiwezi kuwa udongo tena, lakini wafinyanzi husaga vigae vya zamani wakachanganya na udongo mpya, na chungu kinakuwa kizuri zaidi. Nikatuma habari nyumba kwa nyumba. Watoto wakarudi wote, wakawatoa ng'ombe makashani, kila mmoja akamsaga wake juu ya jiwe la kusagia, wakauchanganya unga huo na udongo wa mbugani, wakafinyanga upya. Majina yakabaki yale yale. Tukawapanga uani mbele ya shule.

Bwana shauri alipofika nilimweleza mwenyewe. Mwanzo alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akasema kwamba mwalimu anayevunja kazi ya shule kwa ajili ya mvua hafai kupelekwa pwani, na akae huku huku aingoje mvua yake. Makasha yakaenda shule nyingine.

Mvua ilikuja baadaye, mchana, wakati wa hesabu. Sisemi imeletwa na nini. Nakwambia nilichokiona. Watoto walitoka mbio wakasimama wakilowa. Pembe zilianguka kwanza, kisha nundu, ngeu ikatiririka uani kote, na kila ng'ombe alipolainika na kuketi chini, aliyemfinyanga alimwita kwa jina lake, kama wanavyowaita jioni wakiwarudisha zizini. Hakuna aliyelia. Mimi tu ndiye niliyejifanya nafuta maji ya mvua usoni.

Sasa jibu lako, ndugu yangu. Watu wa huku huwakabidhi marafiki zao ng'ombe wawafugie. Maziwa ni ya anayefuga, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na aliyekabidhiwa haondoki nchini akamwacha ng'ombe wa mwenziwe. Baada ya mvua ile mzee Ndahani alikuja akimvuta mtamba mweupe mwenye mabaka mekundu, akamfunga mlangoni pangu, akaniuliza hali ya ng'ombe wangu. Angeweza mtu kucheka akamrudisha. Bwana shauri mwingine atakuja, na uhamisho ningeweza kuuomba tena. Nilishika kamba, nikamjibu kwamba ng'ombe wangu hajambo.

Siji, Kuluthumu. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla makuti yale hayajaanza kugeuka rangi. Usikiache chumba kitupu. Mpe mjukuu wako, alale kitandani kwa mama.

Naomba jambo moja. Nimewasimulia watoto habari za ua wetu, na Raheli ameuliza udongo wa huko una rangi gani. Nilipotaka kumjibu sikukumbuka vizuri. Chota kiasi cha ngumi mbili pale mama alipokuwa akikaa kuchambua mchele, ukaushe, uufunge kitambaani, uniletee kwa gari moshi. Mtamba ana mimba, na Raheli amekwisha kuamua kwamba udongo huo ndiyo rangi atakayompaka ndama huyo akimfinyanga kiangazi kijacho. Mvua ikija, utaingia ardhi ya hapa.

Nisalimie watoto na wajukuu, jirani wa kushoto na wa kulia, na kila anayeuliza kama mimi ningali hai. Stara na Rajabu wanakusalimu. Mzee Ndahani naye anakusalimu, na anauliza ng'ombe wa Pangani wana hali gani.

Mimi kaka yako akupendaye,
Zaidi bin Shabani